"Umeibiwa Nini?" Si Swali la Kisheria



Mwezi uliopita mama yangu mdogo, mwenye nyumba ya wageni hapa Babati, alipigiwa simu na kampuni iliyomsajilia domeni ya tovuti yake. "Mama, umeomba kuhamisha jina lako?" Hakuomba. Kumbe kuna mtu ametuma baruapepe kwa jina lake, na ndani yake barua yenye mhuri na sahihi ya kughushi, akitaka domeni ihamishiwe kwa msajili mwingine. Dada wa kampuni alitilia shaka namba mpya ya simu, akapiga ile ya zamani. Bila hivyo, wageni wanaokwenda Tarangire na Mlima Hanang wangekuwa wanamtumia tapeli malipo ya awali.

Tukaenda polisi. Kituo sikitaji. Swali la kwanza: "Umeibiwa nini?" Hajaibiwa. "Basi mshukuruni Mungu, mkabadilishe nywila."

Hapo ndipo nilipochemka. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinakataza kughushi taarifa za kompyuta kwa nia ya kufanya zichukuliwe kuwa za kweli. Hakisemi lazima mtu awe ameshaibiwa. Adhabu yake ni pamoja na faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Tena kifungu cha 380 cha Kanuni ya Adhabu kinaeleza wazi kwamba aliyeanza kutekeleza nia yake ya kutenda kosa amejaribu, hata kama hakufanikiwa. Mwizi aliyekutwa anavunja kufuli haachiwi eti kwa sababu kufuli lilikuwa gumu.

Na wasituambie domeni ni mambo mageni. Desemba 2016 Maxence Melo wa JamiiForums alipandishwa kizimbani Kisutu, na moja ya mashtaka ilikuwa kusimamia tovuti isiyotumia kikoa cha .tz. Siku ile serikali ilijua vizuri sana domeni ni nini. Iweje mama wa Babati akifika kaunta, ghafla hakuna anayejua?

Wenzetu walishavuka hapo. Marekani, mwaka 2003, mahakama ya rufani ilisema domeni ni mali, katika kesi ya sex.com (msicheke), iliyochukuliwa kwa barua ya kughushi mwaka 1995. Mwaka 2011 aliyeiba p2p.com alihukumiwa miaka 5 jela.

Najua kuna kamanda atasema: sheria hii hii ndiyo inayotufunga midomo, leo unataka itumike zaidi? Ndiyo, nataka. Kifungu cha 16 cha "taarifa za uongo" tutaendelea kukipinga mpaka kirekebishwe. Lakini kifungu cha 11 kinamlinda mwananchi, na kukiacha kilale hakumkomoi mtawala. Anayeumia ni mama mdogo.

Pia tusiwe wepesi wa kusema "ni wale wa kijani" kabla ya ushahidi. Mimi sijui ni nani. Akiwa wao, ashtakiwe. Akiwa wa kwetu, ashtakiwe vilevile. Tukimficha wa kwetu, siku ya kudai haki tutakuwa na mdomo gani?

Kwa hiyo, ikikutokea: usifute ile baruapepe. Iombe kampuni, kwa maandishi, itunze kumbukumbu zote na ifunge domeni isihamishwe. Nenda polisi na nakala, na usiondoke bila namba ya RB. Wakikataa, mwandikie OCD, ubaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa.

Sisi tumerudi kituoni mara ya pili, na kifungu cha 11 kimechapwa mkononi. RB tumepata. Sasa tunamsubiri mpelelezi, na hatutachoka kumuulizia.

Mapambano yanaendelea.