Masika Si Machipuko: Kiswahili na Majira ya Nyeri

Ni jambo la kawaida katika madarasa yetu ya tafsiri kukutana na matini yanayosimulia barafu ikiyeyuka maziwani na misitu ikichipua upya huko Ufini au Kanada. Aghalabu sisi wanafunzi huandika kwamba "masika yamewadia". Kwa maoni yangu, tafsiri hiyo inapotosha, na upotoshaji wenyewe unastahili kujadiliwa.

Masika ni mvua kubwa inyeshayo pwani wakati upepo wa kaskazi unapoupisha upepo wa kusi. Miti ya nchi za baridi haiamshwi na mvua bali na joto, pamoja na mchana unaorefuka. Nyeri iko karibu mno na Ikweta, na mchana wake hukaribia kulingana na usiku mwaka mzima. Hata hivyo, jua ni lilelile. Linapovuka Ikweta mnamo tarehe 20 au 21 Machi, watu wa kaskazini huanza kuhesabu majira ya machipuko, nasi tulio chini ya Mlima Kenya hutazama mawingu. Mvua ikinyesha baada ya ukame, matumba ya mibuni yaliyokuwa yamelala huko Othaya na Tetu huchanua baada ya siku chache, na shamba zima huwa jeupe na kunukia mithili ya asmini. Waama, machipuko tunayo, lakini yetu huletwa na maji.

Je, tuna msamiati wa kuyaeleza? Mpwani aliupima mwaka kwa pepo zilizosukuma majahazi yake. Mkulima wa Nyeri aliupima kwa mbegu: mvua ndefu aliiita ya njahi, na ile fupi, yaani vuli, akaiita ya mwere, ambao ni uwele. Majina haya yanamwambia mtu la kupanda. Si jambo dogo hilo, hasa baada ya Pembe ya Afrika kukosa mvua misimu mitano mfululizo kati ya 2020 na 2022, kisha Kenya ikakumbwa na mafuriko mwaka wa 2024.

Wapo watakaodai kwamba kuingiza maneno kama haya kutakichafua Kiswahili sanifu. Hoja hiyo haina mashiko. Katika soko la Karatina, njahi huuzwa na kununuliwa kwa Kiswahili kila siku. Iweje neno likubalike guniani likataliwe kamusini?

Wanafunzi wenzangu, majira ya ughaibuni na tuyaite machipuko, masika yabaki mvua yetu, na tasnifu zetu zikusanye majina ya misimu kutoka kwa wazee wetu kabla hayajasahaulika. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao.