Parseli ya juu, kichwa cha jirani wa chini: tupande kabla mvua haijarudi

Wakaaji wa Bukavu, mama na baba wenye parseli, vijana wenzetu,

Miezi ya jua inaelekea kuisha. Mwezi wa tisa mvua itarudi, na kila mmoja wetu anajua vile inarudi: kuta zinaanguka, njia zinakatika, udongo unaingia mu nyumba usiku watu wakiwa wamelala. Kila mwaka tunazika, tunachanga pesa ya sanduku, kisha tunangoja mvua ingine. Leo tunataka kusema juu ya jambo lenye wengi wanaona ni dogo: kile tunapanda, ao hatupandi, mu parseli zetu.

Mvua iliyopita, kwenye avenyu moja ya Kadutu, ukuta uliangukia jikoni ya mama mmoja. Kwa neema ya Mungu alikuwa ametoka kuchota maji. Jirani wa juu alikuwa amekata miti miwili, akamwaga siminti mu kiwanja chote ili asikanyage potopoto. Maji ya bati lake lote yakabaki na njia moja tu. "Mayi yote iko nashuka kwangu, mimi niende wapi?" Ndivyo yule mama alituuliza. Na ule jirani si mutu mubaya. Alifanya vile wengi wanafanya, kwa sababu kwetu siminti inaonekana ni maendeleo, na muti unaonekana ni pori.

Tuseme wazi vile inaendaka. Matone ya mvua yakipiga udongo wa wazi, udongo wa juu unajifunga kama sahani. Maji hayaingii tena, yanakimbia, na yakikimbia yanabeba. Lakini majani yakifunika udongo, yanavunja nguvu ya matone, na mizizi inashika udongo na kufungulia maji njia ya kuingia polepole. Yenye hayakushikwa juu yanashuka mu kanivo pamoja na takataka, yanaingia mu muto Kawa, yanafika ziwani, na mashupa ya plastike yanaenda kusumbua mashini za umeme za Ruzizi. Kisha tunauliza kwa nini umeme umekatika.

Tupande nini basi? Wengi wakisikia kupanda miti wanafikiri kalitusi. Kalitusi ilitoka Australia, inakunywa maji mingi, na chini yake majani hayaote vizuri. Udongo unabaki wazi. Ina kazi yake kwa mbao na makala, lakini si muti wa parseli. Jakaranda ni nzuri kwa macho, ni mugeni kutoka Amerika ya Kusini. Sisi tuko na miti ya kwetu yenye inajua mvua hii na udongo huu. Markhamia lutea yenye maua ya manjano inasimama bila kusumbua, na nyuki wanaipenda. Erythrina abyssinica yenye maua mekundu inaota hata ukikata tawi na kulichomeka, ni muzuri kwa lupango. Mubirizi, wenye mama zetu wanatumia kama dawa ya tumbo, unaota pia kwa tawi. Kwenye mutelemuko, panda mabingobingo kwa mistari yenye kukata kilima, si yenye kushuka nacho. Utayakata kwa kulisha mbuzi, sungura ao dende. Muti mukubwa kama ficus usiuweke karibu na nyumba, mizizi yake itapasua fondasio.

Na mbolea tusinunue. Maganda ya ndizi na ya viazi, majani makavu, majivu kidogo ya makala: yaweke mu shimo, ufunike, ugeuze mara kwa mara, na kisha miezi kama mitatu utakuwa na udongo mweusi wa kupandia lengalenga na mulunda. Ile Tithonia ya maua makubwa ya manjano yenye kujaa kando ya barabara nayo ni mugeni, ilitoka Meksiko. Lakini iko hapa tayari: ikate mbele ya kuzaa mbegu, uizike, ni mbolea ya nguvu. Takataka ya jikoni ikibaki mu parseli, haitaziba kanivo.

Lakini hatutaki kudanganya mutu. Kuko mahali penye kilima chenyewe kinatembea, kama Funu. Pale udongo unateleza kutoka chini sana, kwenye muzizi haufike. Pale kuchimba shimo la kumeza maji kunaweza hata kuongeza hatari, ni lazima maji ya bati yapelekwe mu kanivo ya kweli. Na kanivo hiyo si kazi ya mama wa lenga lenga. Ni kazi ya Leta.

Katiba yetu, kifungu cha 53, inasema kila mutu ana haki ya kuishi mu mazingira safi, na ana daraka ya kuyalinda. Inasema pia kwamba Leta inasimamia ulinzi wa mazingira na afya ya wakaaji. Basi kila mumoja afanye upande wake. Tunaomba wenye kusimamia muji:

– wasimamishe kugawa na kuuzisha viwanja kwenye mitelemuko mikali na mahali pa wote penye miti;
– wasafishe na kutengeneza kanivo mbele ya mvua, si kisha mazishi;
– wafungue pepinyeri mu kila komine: Ibanda, Kadutu na Bagira, na kazi hiyo wapewe vijana. Tuko wengi wenye diplomi za agronomia na mazingira, tunakaa nyumbani tukiangalia kilima kikishuka.

Wengine watasema: "Inchi iko mu vita, nyinyi munaleta habari ya maua?" Tunawajibu kwa heshima: mvua haiulize nani anatawala. Watu wenye vita viliwafukuza njo wanajenga kwenye mitelemuko mibaya zaidi, kwa sababu hawana pengine. Kulinda udongo ni kuwalinda wao kwanza.

Siku ya salongo, tusifagie tu mbele ya mulango. Kila parseli itengeneze shimo moja la mbolea, muti moja wa kwetu, na mustari moja wa majani. Mwenye kukaa juu aongee na mwenye kukaa chini, wapatane njia ya maji wakati jua ingali inawaka. Sisi tutapita avenyu kwa avenyu na matawi ya kuchomeka. Usitungoje, anza.