Inhela Ikae Mfukoni

Siku ya kuripoti kidato cha kwanza, mwalimu aliyekaa kwenye meza ya ukaguzi alitoa vitu vya mpwa wangu sandukuni kimoja kimoja na kuvipigia tiki. Ndoo, ipo. Jembe na mpini wake, lipo. Fyekeo jipya, lingali na mafuta ya dukani, lipo. Alipofika kwenye inhela ya buluu hakupiga tiki. Alikata kipande cha plasta, akaandika jina la mtoto, akakibandika juu ya kopo na kuliweka pembeni.

“Hii inakwenda kwa matroni, mama. Dawa zote zinakaa kwa matroni.”

“Mwalimu, mtoto ana pumu,” dada yangu akasema.

“Ndiyo maana tunamtunzia.”

Aliyasema kwa upole, na sina shaka kwamba aliyaamini. Wazazi waliosimama nyuma yetu nao walikuwa wakitikisa vichwa kukubali. Imani yenyewe ni ya miaka mingi na imeenea kote nchini: dawa ya mwanafunzi ikishafungiwa kabatini, dawa iko salama na mtoto yuko salama. Kwa vidonge vya malaria, antibaiotiki na dawa za maumivu, sina ugomvi na kabati. Kwa inhela ya kutuliza pumu, imani hiyo ni kosa, na kosa hilo linaweza kuua. Mtoto wa miaka 14 anaaminiwa kulala bwenini na fyekeo lenye makali pande mbili chini ya kitanda chake, lakini haaminiwi na kikopo kinachomwezesha kupumua.

Tuanze na pumu yenyewe, maana nadhani hapo ndipo tunapopotea. Mtu anapobanwa, misuli inayozunguka mirija ya hewa hukaza, kuta za mirija huvimba na makohozi mazito huziba nafasi ndogo iliyobaki. Salbutamoli iliyomo kwenye inhela ya buluu hulegeza misuli hiyo, na huanza kufanya kazi ndani ya dakika chache tu. Ndiyo sababu ikatengenezwa ya kuvutwa badala ya kumezwa: ifike kifuani upesi. Ikivutwa mapema, mara nyingi mtoto hurudi kwenye daftari lake. Ikichelewa, uvimbe na makohozi huzidi, na kwa kuwa hewa yenyewe haiingii, dawa nayo haina njia ya kupita. Kuna hatua mbaya zaidi ambayo kila mlezi wa bweni anapaswa kuijua: ule mluzi wa kifuani unaponyamaza ghafla huku mtoto akiendelea kuhangaika. Watu hudhani amepata nafuu. Kumbe hewa inayopita haitoshi tena hata kutoa sauti.

Niliwahi kukaa karibu na hatua hiyo. Nilikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni, msimu wa kipupwe. Saa nane usiku mwenzangu wa kitanda cha chini alinishika mguu. Nilipowasha tochi nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, viganja amevikandamiza magotini, mabega yamepanda hadi masikioni. Kila alipovuta pumzi, ngozi ya shingoni, pale juu ya mfupa wa kifua, iliingia ndani ikafanya kishimo. Alisema maneno mawili, na kati ya la kwanza na la pili alipumzika: “Dawa. Kabati.”

Nilikimbia. Nyumba ya matroni ilikuwa ng'ambo ya uwanja, na mlango ulikuwa umefungwa. Jirani yake akaniambia kutoka dirishani kwamba matroni amekwenda msibani tangu jioni. Nikaenda kwa mwalimu wa zamu, akatoka na kikoi kiunoni. Funguo za akiba hazikuonekana. Mwishowe mlinzi alileta nondo, akaipenyeza kwenye kufuli la lile kabati la chuma la kijivu, akalivunja. Ndani kulikuwa na mifuko ya plastiki zaidi ya hamsini, kila mmoja na jina, na tukawa tunasoma majina kwa tochi. Tangu nilipoamshwa hadi inhela kufika mdomoni mwake zilipita dakika 40. Midomo ilikuwa imeshageuka rangi.

Alipona. Kwa miaka mingi nilikisimulia kisa hiki kama kisa cha msiba uliotokea siku mbaya, hadi siku moja nilipokaa nikahesabu. Matroni angekuwapo, kuamka kwake, kutafuta miwani, kuvaa khanga, kuvuka uwanja gizani na kupekua mifuko ile kungekula robo saa. Utaratibu ungefuatwa barabara, bila mtu yeyote kuzembea, na mtoto angekaa robo saa bila dawa inayoanza kufanya kazi ndani ya dakika chache. Msiba haukuwa na hatia, wala matroni. Kosa lilikuwa ni kuweka umbali kati ya mtoto na dawa yake.

Kanada walijifunza hili kwa uchungu. Tarehe 9 Oktoba 2012, katika jimbo la Ontario, mvulana wa miaka 12 aitwaye Ryan Gibbons alibanwa na pumu shuleni wakati wa mapumziko. Inhela yake ilikuwa imefungiwa ofisini kwa mkuu wa shule. Wenzake walijaribu kumpeleka ofisini, akazimia njiani, na hakupona. Mama yake alipigania jambo hilo hadi bunge la jimbo likapitisha Sheria ya Ryan mwaka 2015, inayomlazimu mkuu wa shule kumruhusu mwanafunzi kubeba dawa yake ya pumu, mzazi akiridhia. Uingereza nako, tangu Oktoba 2014 shule zinaruhusiwa kununua inhela za salbutamoli za dharura bila cheti cha daktari, na mwaka 2017 ruhusa hiyo ikafika kwenye sindano za adrenalini kwa watoto wenye mzio mkali. Ripoti ya kitaifa ya Uingereza ya mwaka 2014, iliyochunguza vifo 195 vya pumu, ilikuta kwamba asilimia 45 ya marehemu walikufa kabla ya kutafuta msaada wa tiba au kabla msaada wa dharura haujawafikia. Hiyo ni nchi yenye gari la wagonjwa linaloitwa kwa simu. Pima mwenyewe ingekuwaje kwenye shule iliyo kilomita 20 za vumbi kutoka kituo cha afya.

Najua majibu, kwa sababu nimeyasikia yote. La kwanza: watoto watazichezea, watapeana, watalewa. Salbutamoli haileweshi. Mtoto asiye na pumu akijibonyezea mara mbili, mikono itamtetemeka kidogo na moyo utamwenda mbio, kisha yataisha. Sisemi ni mchezo mzuri. Nasema uzani wake hauwezi kulinganishwa na mtoto aliyekosa pumzi. Na aliye na pumu hagawi dawa yake ovyo, maana yeye ndiye anayejua usiku unavyokuwa bila hiyo.

La pili: wataipoteza. Wengine wataipoteza, ndiyo. Kwa hiyo mzazi apeleke mbili, moja ya mfukoni na moja ya akiba, na ile ya akiba ikae mahali panapofahamika na kila mtu, bila kufuli.

La tatu ndilo zito: watoto wadogo hawajui kuitumia. Ni kweli, mtoto wa darasa la kwanza hawezi kuachiwa. Lakini hapo pia kabati si jawabu. Mwalimu wa darasa aibebe kwenye mkoba unaokwenda na darasa popote, uwanjani, shambani, kwenye ziara. Na kwa kuwa wadogo hawawezi kuvuta sawasawa na kubonyeza, watengenezewe spesa, yaani chombo kinachochomekwa kwenye inhela ili mtoto avute dawa taratibu. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town, Heather Zar na wenzake, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba chupa ya soda ya nusu lita, iliyotobolewa kitako kwa kipimo cha mdomo wa inhela na kuzibwa pembeni isivuje, inafanya kazi sawa na spesa ya dukani. Chupa hizo zimejaa nyuma ya kila duka la shule. Kitako kinatobolewa kwa waya wa moto, inhela inachomekwa hapo, mtoto anapumulia kwenye shingo ya chupa taratibu, pumzi kadhaa kwa kila mbonyezo. Hata wakubwa wakibanwa sana chupa huwafaa zaidi kuliko kuvuta mdomo mtupu.

Halafu kuna lile neno la mtaani, ambalo kabati limelilisha likanenepa: inhela inazoesha, ukiianza huachi, ni dawa ya wanaokaribia kufa. Mtoto akiona dawa yake inafichwa pamoja na vitu vya hatari, atajifunza nini? Atajifunza kuionea haya. Asubuhi ya baridi, kwenye mchakamchaka, atakimbia kifua kikimbana na ataitwa mtegeaji, wakati mivuto miwili dakika kumi na tano kabla ya kukimbia ingemtosha. Paula Radcliffe wa Uingereza, yule ambaye rekodi yake ya dunia ya marathoni ya mwaka 2003 ilidumu hadi Brigid Kosgei wa Kenya alipoivunja Chicago mwaka 2019, ana pumu tangu ujanani na hakuwahi kuficha kwamba anatumia inhela. Kinachomrudisha mtu kwenye inhela ni ugonjwa uliobaki kifuani.

Hapa namwachia matroni kazi yake, na ni kazi kubwa kuliko kushika funguo. Inhela ya buluu hutuliza tu. Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2019 ilisema wazi kwamba vijana na watu wazima wenye pumu wasiachwe na ya buluu peke yake, wapate pia steroidi ya kuvuta inayopunguza ule uvimbe. Hiyo ya kuzuia, ya asubuhi na jioni, matroni aisimamie, mtoto asukutue kinywa baada ya kuivuta. Na ahesabu: kopo moja la buluu lina mivuto 200, na mtoto anayemaliza makopo matatu kwa mwaka yumo hatarini, apelekwe hospitali kabla usiku mbaya haujafika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba pumu iliua watu 455,000 mwaka 2019, na wengi wao walikuwa katika nchi za kipato kama chetu, ambako dawa hizi hazipatikani kirahisi. Mtoto aliyebahatika kuwa nayo tusimnyang'anye mlangoni.

Dada yangu hakuondoka pale mezani. Alichana karatasi ya daftari, akaandika kwamba yeye mzazi anaridhia mwanawe abebe inhela, akatia sahihi na tarehe. Mwalimu akasema hana mamlaka. Tukasubiri mkuu wa shule hadi alasiri, foleni imekwisha, sanduku liko wazi juani. Mkuu alifika, akaisoma karatasi, akamgeukia mtoto.

“Unajua kuitumia?”

Mtoto akaichukua, akaitikisa, akaondoa kifuniko. Akatoa pumzi yote, akaiweka mdomoni, akabonyeza huku akivuta polepole. Kisha akabana pumzi na kuanza kuinua vidole, kimoja kimoja, akihesabu. Mkuu alivitazama vidole vile hadi vikafika kumi. Akanyoosha mkono, akabandua ile plasta.