Kiingereza cha dirishani

NENO LA JUMATANO
Na Hadija Tumwine

Nimepekua madaftari ya baadhi ya watu wazima wanaojifunza Kiingereza katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, akina mama na akina baba waliotoka Kivu na Burundi. Orodha ni ileile: "raining cats and dogs", "a piece of cake", "kick the bucket", kila nahau na maana yake pembeni kwa wino wa bluu. Mwandiko ni wa mtu anayejitahidi. Wanazikariri jioni baada ya kutoka shambani, na mwalimu akiuliza, mikono inapanda. Moyo uliniuma, kwa sababu sioni siku ambayo hata moja kati ya hizo itawaamulia jambo.

Ile ya mvua ya paka na mbwa ilikuwa imechakaa zamani sana. Jonathan Swift aliitia katika kitabu chake cha mwaka 1738 alichokitunga kuwakejeli mabwana na mabibi wa Uingereza kwa misemo waliyoirudiarudia barazani. "Kick the bucket", yaani kufa, imo katika kamusi ya lugha ya mitaani ya Francis Grose ya mwaka 1785. Sina ugomvi nazo. Kila lugha ina mapambo yake, na Kiswahili kinayo tele. Lakini mtu huvaa nguo kabla ya mkufu.

Wala Kiingereza cha mtaani hakiwasumbui watu hawa. Simama Kaberebere, pale wanaokwenda kambini wanapoiacha barabara ya Mbarara, usikilize. Mwenye duka akimwona mteja wa siku nyingi humwambia "you are lost", na Mkongomani aliyefika juzi haulizi maana, kwani hata kwao mtu asiyeonekana huambiwa amepotea. Mwendesha boda anasema "I'm coming" huku anakupa kisogo, na anaeleweka, maana Mswahili naye husema "naja" akiwa anatoka mlangoni. "Sorry" anayoambiwa aliyejikwaa ni pole. "You first wait" ni ngoja kwanza. "Well done" anayosalimiwa mwanamke aliyeinama kwenye migomba ni "webare" ya Kinyankole. Bernard Sabiiti alikusanya misemo mingi ya namna hii katika kamusi yake ya Kiingereza cha Uganda, "Uglish", iliyotoka mwaka 2014, na ukiisoma unaona kwamba mingi ilifikiriwa kwa lugha zetu kabla ya kutamkwa kwa Kiingereza. Ndiyo maana mkimbizi anauza kitenge na kununua matoke Mbarara bila kupita darasani.

Shida iko dirishani. Nasema dirisha la ofisi, pale ambapo watu hupanga foleni na karatasi zao kwenye mfuko wa nailoni. Kiingereza cha pale kilizaliwa mbali, katika barua na baruapepe za watu waliofundishwa kwamba kukataa waziwazi ni utovu wa adabu. "We will get back to you." "Bear with us." "It is in the pipeline." Kwa aliyekulia ndani ya lugha hiyo, maneno haya ni njia laini ya kusema "bado" au "usitegemee sana". Aliyevuka mpaka na watoto wanne anayapokea kama ahadi.

Mama mmoja wa kutoka Masisi, huko Kivu, alinisimulia alivyojibiwa katika ofisi moja. Mkalimani alikuwa kijana aliyechomolewa kwenye foleni ileile. Afisa alisema "we will get back to you"; kijana, kwa nia njema kabisa, akamwambia: "Mama, wanasema watarudi kwako." Basi mama akarudi nyumbani akafagia uwanja. Akaazima viti viwili vya plastiki kwa jirani, akaviweka chini ya kivuli. Akaacha kwenda kibarua cha kupalilia maharage, wageni wasije wakakuta mlango umefungwa. Wiki ikaisha. Jirani akataka viti vyake. Hakuna aliyekuja, na ofisini hakuna aliyejua kwamba kuna mtu anangoja, kwa sababu kwao sentensi ile haikuwa na maana ya kuja popote. Kijana naye hakukosea neno hata moja.

Hiyo ya "pipeline" nayo ipime hapo Nakivale, mahali ambapo watu hupanga madumu kwenye bomba tangu alfajiri. Ukimwambia mtu wa huko kwamba jambo lake liko kwenye bomba, umemwambia lipo, limeshakuja, kilichobaki ni kufungua koki.

Gharama ya misemo hii ni kubwa kuliko wiki moja ya kibarua. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kusimamisha mpango wa Marekani wa kupokea wakimbizi, na safari zilizokuwa zimepangwa zikafutwa. Katika kambi za ukanda wetu kuna familia zilizokuwa zimeshauza vyombo na mifugo. Ujumbe uliosambaa ulikuwa wa "on hold" na "until further notice". Aliyeelezwa kwamba ni mpaka tangazo jingine akakaa kulingoja tangazo, kwa sababu kwa Kiswahili tangazo jingine ni kitu kinachokuja. Walichostahili kuambiwa siku hiyo ni hiki: hakuna ajuaye kama mtasafiri, kwa hiyo usiuze kitanda, mrudishe mtoto shule, panda mahindi msimu huu.

Chakula kilifuata njia hiyohiyo. Utaratibu wa kupunguza mgawo uliitwa "prioritization". Ukilitafsiri neno hilo, umepewa kipaumbele. Mwezi Mei 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilieleza kwamba, kwa kukosa fedha, wakimbizi wapatao milioni 1 nchini Uganda wameondolewa kwenye msaada wa chakula. Fedha zikikosekana zimekosekana, na hilo mtu mzima anaweza kuambiwa usoni. Lakini usimpe neno linalosikika kama zawadi.

Na maneno huumiza pia yakielekea upande wa pili. Mkimbizi akihojiwa husema kwa nahau zake. Anasema "walitumaliza", na karatasini inaandikwa kwamba jamaa wote waliuawa; miezi sita baadaye anataja dada yake aliye katika kambi ya Kyangwali, na hapo anaonekana mwongo. Anasema "ndugu yangu" akimaanisha mtoto wa baba mdogo, inaandikwa "brother", kisha fomu nyingine inaonyesha kwamba mama yake alizaa mtoto mmoja tu. Hakudanganya mahali popote. Kwao mtoto wa baba mdogo ni ndugu, na kumwita vinginevyo ni kumtenga. Kwa hitilafu kama hiyo faili huweza kulala miaka.

Katiba ya Uganda, ibara ya 28, inampa mshtakiwa wa jinai asiyeelewa lugha ya mahakama mkalimani bila malipo. Anayeshtakiwa kwa kuiba mbuzi Mbarara analindwa hivyo. Sioni kwa nini mtu ambaye kosa lake ni kukimbia vita aazimiwe kijana wa kwenye foleni. Tena tangu marekebisho ya mwaka 2005 Katiba hiyohiyo, ibara ya 6, inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Nakivale imepokea wakimbizi tangu mwisho wa miaka ya 1950, na leo Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni Mkongomani, Mrundi, Msomali na Mnyarwanda. Tangazo la Kiswahili mlangoni halivunji utaratibu wowote, na wa kulitafsiri wapo hapo hapo kambini. Walipwe, wafunzwe, wapewe ruhusa ya kumkatiza afisa na kumuuliza: hapo una maana gani?

Ninyi walimu, nawaomba muweke kando orodha ya paka na mbwa mpaka muhula wa pili. Leteni darasani barua na jumbe za simu ambazo wanafunzi wenyewe wamezipokea, mzisome pamoja, mstari kwa mstari, muwaambie ni lini "follow up" ina maana ya njoo tena na ni lini ina maana ya acha kutusumbua. Na swali la kwanza walijue kabla hawajajua kuhesabu hadi mia: "Do I come to you, or do you come to me, and on which day?" Afisa akiulizwa hivyo atataja siku na mahali. Akiwa hana siku ya kutaja, aseme hana, mtu arudi kwenye kibarua chake kesho yake.