Klachi Haifi Bure

Wengi wetu tukiona gari halivuti, husema mara moja, "Klachi imekwisha." Mimi sikubali. Kushusha giaboksi kabla ya kupima ni kutupa fedha, nazo aghalabu ni fedha za mzee aliyetulipia karo.

Kipimo ni rahisi. Simamisha gari mahali tambarare, pasiwe na mtu mbele. Vuta breki ya mkono, kanyaga na ya mguu, tia gia ya tatu, kisha achia klachi polepole. Injini ikizimika, klachi inashika. Ikiendelea kunguruma, sahani inateleza: ama imelika, ama imeingiwa na oili. Hapo giaboksi haina budi kushushwa. Na ikiwa ni oili, sili inayovuja ibadilishwe pia, la sivyo sahani mpya nayo itaharibika.

Lakini gia zikikwaruza, hasa ya kurudi nyuma, basi klachi haiachi. Tazama kwanza waya wake. Au, kama ni klachi ya mafuta, tazama kichupa chake. Mafuta yakipungua, tafuta yanapovujia, paziba, kisha toa hewa. Huenda kazi ikaishia hapo.

Hata hivyo mharibifu mkubwa ni mguu wetu. Hapa Kampala penye vilima vingi, dereva hulishikilia gari mlimani kwa klachi, na breki ipo! Ndugu zangu, tuufundishe mguu kwanza, ndipo tumlaumu fundi.