Kelele Katika Kundi la Majirani: Nani Anazilipia?

"Majirani, nani ana maji?" Hilo ndilo swali la kawaida kabisa katika makundi ya WhatsApp ya wapangaji wa Gitothua, huku Ruiru. Anayeuliza anataka kujua kama afungue mfereji ajaze mitungi au amwite mwenye mkokoteni. Mara nyingi jibu huwa lipo tayari, kwa sababu kuna jirani aliyeandika tangu alfajiri kwamba maji yamefika ila presha ni ndogo. Lakini juu ya jibu hilo zimeshalundikana picha za waridi za kutakiana asubuhi njema, tangazo la mtu anayeahidi kukupandishia limiti ya mkopo wa Fuliza, mganga anayerudisha wapenzi waliotoroka, kiungo cha kazi za Qatar, na video ndefu ambayo kila mtu ameshaiona kwingine.

Kelele zikizidi, pendekezo huwa lilelile: kundi lifungwe, waandike wasimamizi pekee. WhatsApp iliweka uwezo huo mwaka 2018, na wenye nyumba wanaochoshwa na malalamiko huupenda sana. Wapo pia wanaoshikilia kwamba kundi ni la wote, kila mtu aandike apendalo, na asiyetaka kelele azime sauti. Wa kwanza wanatibu kelele kwa kuwanyamazisha majirani. Wa pili wanawaacha majirani wajifunge masikio, na aliyejifunga masikio hasikii hata onyo la mwizi. Kabla ya kuchagua upande, inafaa tuulizane ni ujumbe upi hasa ulio kero, na gharama ya kero hiyo inamwangukia nani.

Tuanze na salamu, maana ndizo zinazolaumiwa kwanza. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120 mjini Ruiru, zaidi ya maradufu ya waliohesabiwa miaka kumi kabla. Katika mji uliokua kwa kasi hiyo, watu wa ghorofa moja wanaweza kupishana kwenye ngazi mwaka mzima bila kujuana majina. Waridi la asubuhi halina habari yoyote, lakini linamtambulisha mtu. Siku mtoto akipotea au moshi ukionekana dirishani, ni rahisi zaidi kumpigia simu jirani ambaye amekuwa akikusalimu. Salamu zinakula bando kidogo, na hilo hutatuliwa kwa kuzima upakuaji wa picha katika simu.

Kuna pia biashara ya jirani: anayeuza mayai, anayejaza gesi, fundi wa cherehani, mama wa mandazi. Tangazo lake linaweza kuchosha likirudiwa mara nyingi, lakini ana mlango unaojulikana. Akikuuzia mayai viza utamkuta nyumbani, na kesho yake kundi zima litajua. Aibu hiyo ndiyo dhamana yake.

Tatizo lenyewe ni mtumaji asiye na mlango. Huyu wa limiti ya Fuliza hajali kama maji yamefika. Ametupia tangazo lake katika makundi mengi kwa wakati mmoja, na hatarudi kusoma ulichomjibu. Kwa hiyo kipimo changu cha ujumbe si uzito wa maneno yake. Nauliza kama aliyeutuma yupo, na kama yuko tayari kuulizwa swali. Mwenye waridi yupo, na muuza mayai yupo. Mganga hayupo. Hata video iliyosambazwa mara elfu mara nyingi haina mwenyewe, kwa sababu jirani aliyeileta atakwambia naye ametumiwa tu.

Watu wa aina hii walikuwapo kabla ya WhatsApp. Tarehe 12 Aprili 1994 mawakili wawili wa Arizona, Laurence Canter na Martha Siegel, walitupia tangazo la huduma zao za bahati nasibu ya Green Card katika maelfu ya vikundi vya majadiliano vya Usenet. Ilikuwa bahati nasibu ileile ambayo kwa miaka mingi iliwaweka Wakenya wengi mbele ya kompyuta za saibakafe. Watumiaji walikasirika, lakini hesabu ya mawakili hao ilikuwa rahisi: kutangaza mahali pamoja na kutangaza mahali elfu kuligharimu karibu sawa, na mzigo wa kusoma na kufuta ukabaki kwa wengine. Enzi za SMS mtumaji alilipia kila ujumbe. Kwenye WhatsApp mpokeaji naye analipa, kwa bando na kwa muda wake.

Kelele pia zimekuwa kibarua. Mwaka 2021 watafiti Odanga Madung na Brian Obilo walichapisha kupitia Mozilla uchunguzi kuhusu kampeni za kulipwa kwenye Twitter nchini Kenya. Walikuta vijana wakilipwa dola 10 hadi 15 kwa kampeni moja ili kusukuma hashtag za mijadala, zikiwemo za kuwachafua majaji na wanaharakati. Mtu anayepata chakula chake kwa kutuma ujumbe hatazuiwa na ombi la kuwa na adabu. Atazuiwa kutuma kukimgharimu zaidi ya anachopata.

Serikali na wenye majukwaa wamejaribu dawa kadhaa. Mashada, jukwaa la majadiliano la Wakenya lililoanzishwa na David Kobia, lilijaa chuki za kikabila wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, na mwishoni mwa Januari 2008 Kobia aliufunga uwanja wake wa mijadala. Mahali pake akafungua tovuti ya I Have No Tribe, ambapo watu waliandika ujumbe wa amani. Siwezi kumlaumu, kwa kuwa wasimamizi wachache hawangeweza kuchuja mafuriko yale. Hata hivyo wenye busara walifungiwa mlango pamoja na wenye matusi.

Uganda ilichagua kodi. Baada ya Rais Museveni kulalamikia umbea wa mitandaoni, kuanzia Julai 2018 kila mtumiaji wa mitandao ya kijamii alitakiwa kulipa shilingi 200 za Uganda kwa siku. Wengi walikimbilia VPN. Katika mwaka wa kwanza wa fedha zilikusanywa shilingi bilioni 49.5 badala ya bilioni 284 zilizotarajiwa, na mwaka 2021 kodi hiyo ikaondolewa, nafasi yake ikachukuliwa na ushuru wa asilimia 12 kwenye data. Tanzania nayo, mwaka huohuo wa 2018, ilileta kanuni za leseni kwa watoa maudhui mtandaoni, na JamiiForums ikalazimika kuzima mitambo kwa muda mwezi Juni. Kodi ya siku ilimbana mwanafunzi anayeuliza swali sawasawa na tapeli, na tapeli ndiye mwenye faida ya kuilipia. Leseni nayo iliubana uwanja ambao tayari ulikuwa na wasimamizi wake wa kufuta upuuzi.

Dawa iliyofanya kazi ilikuwa ndogo. Januari 2019 WhatsApp ilipunguza idadi ya mazungumzo ambayo ujumbe unaweza kusambaziwa kwa mkupuo hadi 5 duniani kote. Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi ukawekewa kikomo cha mazungumzo mamoja kwa wakati, na kampuni ikasema usambazaji wa jumbe za namna hiyo ulishuka kwa asilimia 70. Hakuna aliyekamatwa, wala hakuna aliyesoma barua za watu. Kazi iliongezwa kwa msambazaji, na mwenye neno lake mwenyewe akaachwa aendelee.

Kanuni hiyo inaweza kushushwa hadi kwenye ploti. Kiungo cha kuingilia kisitupwe hadharani, na mgeni aingizwe na mkazi anayemjua au keateka, akitaja nyumba yake. Matangazo ya biashara yapewe siku moja ya wiki, na muuzaji awe mkazi. Ujumbe wa kusambazwa usioweza kutetewa na aliyeuleta ufutwe, jambo ambalo wasimamizi wameweza kulifanya kwa wote tangu 2022. Taarifa za maji, stima na usalama ziwe na kundi lake dogo lililofungwa, kando ya lile la mazungumzo, ili anayetaka habari peke yake asikose na anayetaka soga asizuiwe. Katika baraza la chifu mtu hatolewi kwa kusalimu wazee, lakini anayekuja na kipaza sauti kuuza dawa ya panya huambiwa asubiri nje.

Kigumu zaidi ni kumpata wa kusimamia. Msimamizi huogopa kumfuta shemeji yake, au mtu wanayesali naye kanisa moja, na anayemchelea mwana kulia hulia yeye: baada ya miezi michache kundi limekufa, watu wamehamia jingine. Kazi hiyo pia haina malipo, na kisa cha Mashada kinaonyesha jinsi inavyowalemea wachache. Kwa hiyo wasimamizi wawe zaidi ya mmoja, wachaguliwe na wakazi, na wapokezane kila baada ya miezi kadhaa. Mwenye nyumba asiwe msimamizi pekee. Mahali ambapo yeye ndiye anayeamua kelele ni zipi, malalamiko ya takataka zisizozolewa na ya kodi iliyopandishwa bila notisi yatakuwa ya kwanza kuitwa kelele. Kampala iliwaita watu wambea kwa namna hiyohiyo. Haki ya kuamua nini ni kero iwe ya wale wanaoibeba kero yenyewe.

Haya yasingojewe. Agosti 2027 Wakenya watapiga kura, na kabla ya hapo kila anayetaka uwakilishi wadi au ubunge wa Ruiru atawatafuta wapangaji hawa katika simu zao, akiwa na vijana wa kulipwa. Kundi lenye kanuni zilizokubaliwa mapema litaweza kufuta bango la mgombea yeyote kwa kanuni ileile iliyomfuta mganga. Kundi litakaloanza kutunga kanuni wakati kampeni zimepamba moto litakuta kila ujumbe unaofutwa unahesabiwa kuwa wa chama fulani au wa kabila fulani, na msimamizi hatakuwa na la kujitetea.