Neno la Mdogo kwa Mkubwa

Wazazi na vijana wetu, mwezi huu twataka kutazama jinsi mdogo asemavyo na mkubwa wake wanaposhirikiana kazi.

Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, milki ya Hispania, ndege mbili kubwa zilikuwamo katika njia moja ya kurukia, na ukungu umetanda. Rubani mkuu wa ndege ya Kiholanzi, naye ni mwalimu wa marubani mwenye kusifika, alianza kuiondoa ndege pasi na kupewa ruhusa. Fundi aliyeketi nyuma yake akamwuliza kama ile ya Kimarekani imekwisha toka njiani. Akajibiwa kwa mkazo kuwa imetoka. Fundi akanyamaza. Waliokufa ni watu 583.

Fundi yule hakusema, “Simamisha!” Aliuliza tu. Ndiyo desturi ya ulimi wa mdogo: hofu yake huivika nguo ya swali, na mkubwa mwenye haraka hulisikia swali asiisikie hofu. Hata sisi yametupata. Tuliandika aya ubaoni tukaangusha neno, na binti mmoja akauliza, “Maalim, ndivyo?” Tukajibu, “Ndivyo,” wala hatukugeuka. Darasa zima likanakili kosa, hata jioni mzazi mmoja akatuletea daftari.

Mwaka 1979 shirika la NASA la Marekani liliwakusanya wataalamu wa elimu ya nafsi na watu wa ndege juu ya jambo hili, na mwaka 1981 shirika la United likaanza kuwafunza marubani wake. Mdogo hufunzwa kusema waziwazi alionalo na alitakalo litendwe. Mkubwa naye hufunzwa kuwataka wenziwe waseme, ijapokuwa amri ya mwisho ni yake.

Kwetu sisi jambo hili si geni. Imamu akisahau katika sala, maamuma wa kiume husema “Subhanallah”, na mwanamke hupiga kofi. Neno limekwisha wekwa tayari, hapana haja ya mtu kulitafuta akitetemeka. Wala imamu hauvuliwi uimamu wake. Ajabu ni kuwa tukitoka msikitini tukafika nyumbani, mtoto akituambia tumekosea twamwita mtovu wa adabu.

Basi darasani tumeweka neno: “Maalim, pana kosa.” Juma la kwanza hapana aliyethubutu. Juma la pili tulisahihishwa mara tatu, na mara moja katika hizo aliyekosea alikuwa mtoto, si sisi.